Wa Mbele Ndiye Wangu

Mama mkwe wangu alikuwa na mahali pake katika soko la Tengeru: jiwe pana karibu kabisa na barabara ya Moshi. Hakuna mwanamke aliyethubutu kulikalia, hata siku ambayo yeye hakuja. Aliuza ndizi. Mikungu aliilaza mbele yake juu ya majani makavu ya mgomba, akajifunga khanga mabegani, kisha akageuza uso kuelekea Usa River. Mgeni angedhani anatafuta wateja. Jumamosi mchana mama mkwe hakuwa na haja na mteja yeyote, na ukimsumbua kwa maneno ya bei angekwambia urudi baadaye. Alikuwa anangoja baiskeli.

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya misheni, nikifundisha watoto wa madarasa ya chini. Jumamosi hatukuwa na shule, kwa hiyo nilikwenda sokoni kumsaidia. Mwingereza alikuwa bado ametukalia, na sisi vijana tuliokwishasoma kidogo tulikuwa na mambo mengi ya kuyawazia. Mume wangu aliwaza baiskeli tu. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la kahawa mjini Arusha. Kila asubuhi alikwenda kazini kwa baiskeli na kila jioni alirudi kwa baiskeli hiyo hiyo, na bado siku ya mapumziko aliipanda tena. Nilimwambia siku moja kwamba angeweza kunioa mimi na kuiacha ile baiskeli kwa baba yake mdogo, au kinyume chake. Alicheka. Mimi niliona ni busara kutolirudia neno hilo.

Jambo ambalo sikulijua nilipoolewa, na ambalo mama mkwe alinieleza tukiwa tunamenya ndizi, ni kwamba mume wangu alichelewa sana kutembea. Alikuwa na ugonjwa wa miguu. Watoto wa umri wake walikuwa wanachunga mbuzi na yeye bado yuko mgongoni mwa mama yake. Alimbeba hivyo hivyo mpaka sokoni, na wanawake wa soko, wale wale waliozeeka naye, walikuwa wakisema kwa sauti ya kusikika kwamba huyu mtoto hatatembea, na kwamba mama yake anapoteza mgongo bure. Mama mkwe hakuwahi kuwajibu. Alimkanda miguu kila jioni kwa mafuta na maji ya moto, miaka na miaka, mpaka akasimama.

Basi unaweza kuelewa Jumamosi zilikuwa na maana gani kwake.

Waendesha baiskeli walikuwa wachache, watu wa kila kabila na kila dini, na mkubwa wao alikuwa tarishi wa posta, Mwislamu wa mtaa wa zamani mjini, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Aliwahi kufanya kazi Mombasa, na huko alijifunza kuendesha kwa kundi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye heshima nyingi na mdomo mkali. Mimi aliniita shemeji. Mume wangu alimwita kaka, na alimwogopa kuliko alivyomwogopa mzungu wa ghala.

Huyo tarishi ndiye aliyewapangia mazoezi, maana kila mwaka, kwenye sikukuu ya serikali katika miezi ya baridi, kulikuwa na mbio mjini, na Bwana Shauri mwenyewe, mzungu mkuu wa wilaya, ndiye aliyetoa zawadi. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Katikati ya juma kila mtu aliendesha peke yake, akapanda milima mpaka miguu ikamwambia ukweli. Siku nyingine alikwenda polepole, kama mtu anayepeleka salamu. Jumamosi, kazi zikiisha saa sita, walikutana kwenye daraja la mto Themi, mlangoni mwa mji, na kwenda pamoja mpaka Usa River na kurudi.

Siku ya kundi ndiyo iliyokuwa na masharti mengi. Yalinivutia kwa sababu yalifanana na kazi yangu. Tarishi aliwaambia kwamba upepo ndio unaommaliza mtu, na anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake hula upepo kidogo sana. Kwa hiyo walipokezana zamu ya mbele. Mtu alivuta kidogo, akasogea pembeni, akaachia wengine wapite, akajishikiza mkiani apumzike. Walijifunza kukaa karibu bila kugusana, kupita kwenye changarawe bila kushika breki ghafla, kuonyana shimo kwa mkono, kunywa maji bila kuyumba. Walijifunza mwendo ambao mtu akiwa peke yake hauwezi. Lakini lililokatazwa kabisa ni kushindana.

"Jumamosi ni darasa," alikuwa akisema. "Mtihani una siku yake."

Mume wangu aliyashika yote isipokuwa hilo.

Kutoka Usa River kurudi Tengeru barabara inapanda. Haipandi kilima kimoja cha kutisha. Inapanda tu, inakula mguu taratibu, na kwenye masika tope lilikuwa linashika tairi. Kundi lilikuwa linakuja pamoja, zamu kwa zamu, vizuri kabisa, na lilipokaribia soko mume wangu alikuwa akichomoka. Kila Jumamosi. Alisimama juu ya pedali, akawaacha wote, akapita mbele ya jiwe la mama yake peke yake, kifua kimelowa jasho, meno nje.

Na mama mkwe aliinuka. Kigelegele chake kilikuwa kinasikika mpaka machinjioni. Wale wanawake wenzake, wenye maneno yao ya zamani, walilazimika kupiga makofi, na yeye aliwageukia mmoja mmoja.

"Wa mbele ndiye wangu," alikuwa akiwaambia. "Mmemwona? Wa mbele."

Halafu kundi lilipita, na tarishi nyuma yake akiwa amekunja uso. Nilijua kitakachofuata, kwa sababu mume wangu alinisimulia mwenyewe akirudi jioni. Kutoka Tengeru mpaka daraja la Themi hakuwa na kitu tena miguuni. Aliburuzwa na wenzake, na juma lililofuata mazoezi yake ya peke yake yalikuwa ya mtu mgonjwa. Miaka miwili mfululizo alikwenda kwenye mbio akiwa amekwisha, na miaka yote miwili walimpita njiani watu ambao Jumamosi walikuwa hawamwoni hata mgongo.

"Wewe unashinda soko," tarishi alimwambia mbele yangu. "Ndizi zitakupa zawadi?"

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Mume wangu hakucheka.

Angeweza kumwambia tarishi sababu. Hakumwambia, na mimi pia haikuwa kazi yangu kusema. Sababu ni kwamba macho ya mama yake yalikuwa yanaingia giza. Mtoto wa jicho aliingia jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Aliona mwanga, aliona kitu kinachosogea barabarani, lakini sura ya mtu hakuiona mpaka umsogelee kiasi cha kushikana mkono. Kwa aibu yake hakutaka wenzake sokoni wajue. Noti alizitambua kwa vidole, na njia ya kwenda nyumbani aliijua kwa miguu. Na mwanawe alimtambua kwa kuwa mbele. Baiskeli ya kwanza kupita ilikuwa yake, basi. Hakuhitaji kuona zaidi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mimi na kapu kichwani, yeye amenishika kiwiko kana kwamba ni mapenzi tu na siyo haja, alikuwa na swali moja.

"Mwalimu, wa mbele alikuwa nani?"

"Ni wako, mama."

"Nilijua," alikuwa akisema. Lakini Jumamosi iliyofuata aliuliza tena.

Mbio zenyewe zilikuwa upande wa pili wa mji, njia ya Monduli, na mama mkwe hakuwahi kuvuka mto Themi maisha yake yote. Tulimbembeleza. Mume wangu alisema atamtafutia nafasi kwenye lori la kahawa, atamweka kiti pale uwanjani. Alikataa. Alisema mjini kuna vumbi na watu wasiosalimia. Mimi nadhani aliogopa kwamba mahali pageni, katikati ya watu wengi, macho yake yangemwaibisha. Kwa hiyo ilikuwa ni Jumamosi sokoni au basi.

Mwaka wa tatu tarishi alikuja nyumbani kwetu. Ilikuwa Jumatano, amevaa bado sare ya posta. Alimwamkia mama mkwe kwa adabu, akala loshoro yetu, mahindi na ndizi kwenye maziwa ya mgando, ambayo mama mkwe aliamini ndiyo yenye nguvu kuliko mazoezi yote. Kisha alikaa na mume wangu chini ya upenu wa nyumba. Nilikuwa ndani na mlango ulikuwa wazi.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Mwaka huu hakuna wa kukushinda hapa Arusha. Hakuna. Ila wewe mwenyewe. Jumamosi hii ni ya mwisho kabla ya mbio. Nataka ukae katikati. Mimi nitavuta mbele kutoka Usa mpaka Themi. Wewe ujifiche, usichomoe kichwa. Ukichomoka, usije tena darajani."

Nilimsikia mama mkwe jikoni akiosha vyombo.

"Sawa, kaka," mume wangu alisema mwishoni.

Baada ya mgeni kuondoka niliuliza kama atamweleza mama. Alisema atamweleza baada ya mbio, akishinda, kwa sababu akimweleza sasa, mama atajua kwamba mwanawe anajua habari ya macho yake. Hilo lilikuwa na ukweli. Katika nyumba yetu kila mtu alikuwa anamficha mwenzake jambo ambalo wote tulikuwa tunalijua, na hilo tuliliita heshima.

Jumamosi ile ilikuwa na baridi. Mlima Meru haukuonekana tangu asubuhi. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba. Mama mkwe alikuwa anakohoa, nikamwambia abaki nyumbani, akaniuliza kama nimewahi kumwona akibaki nyumbani siku ya soko. Alikaa kwenye jiwe lake. Nilimfunika khanga ya pili.

Niliwaona kabla yake. Walikuja wamebanana, mstari mmoja mzuri ajabu, magurudumu yamekaribiana kama shanga kwenye uzi. Hawakuwahi kuendesha vizuri namna ile. Mbele alikuwa tarishi, ameinama, anakula upepo wa wote. Mume wangu alikuwa wa tatu. Nilimtambua kwa shati lake la kahawia nililolitia kiraka mimi mwenyewe.

Mama mkwe aliona kitu kinasogea. Akaona kilicho mbele.

Akainuka. Akapiga kigelegele, kirefu, na kikohozi kilikikata katikati, akakianza upya. Akapunga mikono yote miwili. Alimpigia tarishi wa posta, mtoto wa mwanamke mwingine, mtu wa pwani, na tarishi alipita mbele yake bila kugeuza shingo.

Mume wangu aligeuza. Kwa muda wa kufumba na kufumbua alimtazama mama yake akimshangilia mtu mwingine, na alikuwa karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa khanga. Niliona miguu yake ikitaka. Mtu akiishi na mwendesha baiskeli huijua miguu yake. Ilitaka kusimama juu ya pedali, na yeye aliikatalia. Akainamisha kichwa, akabaki katikati, wakapita wote.

"Wa mbele ndiye wangu," mama mkwe aliwaambia wenzake. Mmoja wao, mwenye macho mazima, alifungua mdomo. Nilimtazama. Ana bahati aliufunga.

Njiani tukirudi alinishika kiwiko, akauliza.

"Mwalimu, wa mbele alikuwa nani?"

Nimefundisha watoto maisha yangu yote wasiseme uongo. Nimewachapa kwa ajili hiyo. Na swali lile likirudi leo, jioni hii, nitalijibu vile vile nilivyolijibu.

"Ni wako, mama."

"Nilijua," alisema.

Usiku wa kuamkia Jumatatu homa ilimpanda. Kifua kilijaa. Tulimpeleka zahanati ya misheni kwa machela, wakamtibu walivyoweza, na Jumanne mchana alifariki, mkono wake ndani ya mkono wa mwanawe. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliuliza kama ndizi zilizobaki zimefunikwa.

Tulimzika nyumbani, mgombani, kama ilivyo desturi ya Wameru, mchungaji akasoma na mvua nyepesi ikanyesha. Mume wangu alinyolewa kichwa. Waendesha baiskeli walikuja wote kutoka mjini, wakaziegemeza baiskeli zao kwenye ua, na tarishi aliuchukua udongo kwa mikono miwili akautia kaburini. Watu walipotawanyika alinifuata nilipokuwa nimesimama.

"Shemeji," alisema, "vile vigelegele vya Jumamosi havikuwa vyangu. Nilijua wakati ule ule. Sikugeuka kwa sababu nilijua." Alijipangusa uso kwa kiganja chenye udongo. "Mimi ndiye niliyemwambia akae katikati. Angeniambia tu kwamba mama haoni. Kwa nini hakuniambia?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimemkasirikia tangu Jumanne, nikitafuta mahali pa kuiweka ile hasira, na yeye ndiye aliyekuwa mahali panapofaa. Lakini alikuwa analia mbele za watu, mtu mzima, na alichofundisha kilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kama angekuwa amekosea ningepumzika.

Mbio zilikuwa Jumamosi ya juma lile lile. Wazee wa ukoo walisema haiwezekani, mfiwa mwenye kichwa kipya cha kunyolewa hawezi kwenda kuchezea baiskeli mbele ya wazungu. Baba yake mdogo alisema hivyo, na wengine wakaitikia. Nilisimama mimi, mke wa watu, mbele ya wanaume, na sauti yangu ya darasani ikatoka bila kuitwa. Niliwauliza ni nani kati yao aliyemkanda yule mtoto miguu. Nikasema aliyemkanda amelala pale mgombani, na kazi yake haijamalizika. Hawakunipa ruhusa. Walinyamaza tu, nasi tukaihesabu kuwa ruhusa.

Sikwenda mjini. Nilibaki na wafiwa, nikipika. Yaliyotokea njia ya Monduli nilisimuliwa na tarishi. Alisema mume wangu aliendesha kama mtu aliyekuwa anasikiliza darasa miaka yote mitatu huku akijifanya haelewi. Alijificha kwenye upepo, akavuta zamu yake na kuiachia. Watu walichomoka mapema, akawaacha waende, wakarudi mmoja mmoja wamechoka. Alipochomoka yeye, ilikuwa wamebakiza kipande cha mwisho kuingia mjini, na hakuna aliyeweza kumfuata. Bwana Shauri alimpa mkono. Watu walipiga makelele sana, alisema tarishi, lakini mdogo wake hakushuka hata kwenye baiskeli sawasawa. Alipokea zawadi, akageuza usukani kuelekea Tengeru.

Kwa kuwa ilikuwa sikukuu soko lilikuwa limefungwa mapema. Alasiri niliwaachia wengine vyungu, nikashuka sokoni, na niliposikia kengele za baiskeli nikatoka barabarani. Jiwe lilikuwa tupu, na chini yake majani makavu ya migomba ya Jumamosi iliyopita yalikuwa bado yametandikwa. Hakuna mwenzake aliyeyafagia. Walikuja wanateremka kutoka upande wa mjini, siyo ule ambao mama mkwe alikuwa akiutazama. Mume wangu alikuwa mbele, peke yake. Wengine wote walikuwa nyuma, mstari mmoja, tarishi wa mwisho kabisa, na kati yao na yeye waliacha nafasi kubwa ambayo hakuna aliyejaribu kuiziba. Hawakumsaidia upepo. Waliuacha wote uwe wake.

Sijui kupiga kigelegele. Nimelelewa misheni, tulifundishwa kuimba kwa sauti nne. Lakini alipofika usawa wa jiwe nilifungua mdomo nikapiga, na kilitoka kibaya, cha mtu asiyezoea, nusu yake kilio. Mume wangu hakuinua kichwa. Alipita, akaenda mpaka kwenye mteremko, akageuza, akarudi akisukuma baiskeli kwa mkono.

Jioni, wageni walipokwisha kula, tulikaa wawili mlangoni. Kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kimeungua na jua, nami nilikuwa nakipaka mafuta yale yale ya chupa ya mama yake.

"Jumamosi ile," aliniuliza, "mlipokuwa mnarudi. Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia wa mbele alikuwa wake."

Alilitazama kaburi. Mgombani pale udongo ulikuwa bado haujashuka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikaendelea kumpaka mafuta, polepole, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

"Basi kwake sikukosekana," alisema.

"Hukukosekana."

"Kwangu mwenyewe nitaendelea kukosekana."

Neno hilo alilibeba mpaka anafariki yeye mwenyewe, mzee. Nilimvua viatu. Vilikuwa vimejaa vumbi la njia ya Monduli, nikavikung'uta nje, nikaviweka karibu na moto vikauke jasho.